Maswali na Majibu: Usalama wa Mtaa Huanza kwa Jirani

Tangu niandike kuhusu wizi wa majumbani, barua zimekuwa nyingi. Hapa najibu sita.

Tuliitisha mkutano wa majirani kuhusu usalama. Mara ya kwanza walikuja kumi na wawili, mara ya pili wanne. Tumekosea wapi?

Mmeanzia mbali mno. "Usalama" ni neno kubwa ambalo mtu hajui alishikie wapi. Watu hutoka nyumbani kwa ajili ya jambo wanaloliona kwa macho: taa iliyokufa pale kwenye kona, au kiwanja kilichoota vichaka. Chagueni moja mlimalize, ndipo muite mkutano mwingine. Na kabla ya hapo piteni mlango kwa mlango, mjuane majina na kupeana namba za simu.

Kujuana huko si jambo dogo. Mwaka 1997 Robert Sampson, Stephen Raudenbush na Felton Earls walichapisha utafiti waliohoji ndani yake wakazi zaidi ya 8,000 wa Chicago. Mitaa ambayo watu wake waliaminiana, na walikuwa tayari kusema neno wakiona, kwa mfano, watoto waliotoroka shule wakizurura, ilikuwa na ukatili mdogo kuliko mitaa mingine yenye umaskini uleule.

Jirani yangu alivunjiwa nyumba wiki iliyopita. Wengine wanasema mwizi harudi palepale. Ni kweli?

Si kweli, na imani hiyo inawagharimu watu wengi. Nyumba iliyovunjwa juzi ndiyo iliyo hatarini zaidi mtaani, hasa katika wiki chache za mwanzo. Mwizi ameshajua mlango upi ni dhaifu, ameona alichokiacha, na anajua kwamba kilichoibwa kitanunuliwa kipya.

Katikati ya miaka ya 1980, mtaa wa Kirkholt huko Rochdale, Uingereza, ulikuwa umeelemewa na wizi wa namna hii. Walioletwa kusaidia wakagundua kwamba waliokwisha kuibiwa ndio walioibiwa tena. Basi badala ya kutawanya nguvu mtaa mzima, walimwendea aliyeibiwa. Wakaimarisha milango na madirisha yake, wakaondoa mita za umeme za kutumbukiza sarafu ambazo zilikuwa chambo kwa wezi, kisha wakawaomba majirani kama sita wanaomzunguka waitupie jicho nyumba ile. Wizi ulipungua kwa zaidi ya nusu.

Nanyi fanyeni hivyo, leo, kabla ya kamati yoyote. Lakini semeni waziwazi nani atafanya nini. Mimi niliwahi kuvunjiwa, na asubuhi yake jirani alikuja, macho chini, akaniambia alisikia kioo kikipasuka saa nane usiku akadhani nimeangusha kitu. Sikuweza kumlaumu, maana hatukuwa tumewahi kuzungumza. Siku hiyo tukakubaliana: ukisikia chochote nipigie, hata kama ni bure, na nisipopokea mara mbili waite polisi. Mazungumzo yenyewe hayakuzidi dakika mbili. Ongezeni na ya safari: nani atazima taa inayowaka mchana kutwa, nani ataokota barua zinazorundikana mlangoni, nani atahakikisha kufuli la geti halining'inii upande wa nje wiki nzima likitangaza kwamba hakuna mtu.

Kundi letu la WhatsApp limejaa picha za wapita njia: "Huyu nani?", "Huyu simwelewi." Juzi aliyepigwa picha ni mwanangu akirudi nyumbani. Nifanyeje?

Pole sana, dada yangu. Una haki ya kukasirika.

Kikundi cha ulinzi hutazama matendo, hakitazami sura. "Kuna kijana ana kofia" si taarifa. "Mtu mmoja anajaribu milango ya magari, moja baada ya jingine, kuanzia kona ya juu, sasa hivi saa tano na dakika kumi" ni taarifa, na polisi wanaweza kuifanyia kazi.

Februari 2012, katika mji wa Sanford, Florida, Trayvon Martin, kijana wa miaka 17, alikuwa akirudi kutoka dukani. Mkazi aliyejitolea katika ulinzi wa majirani akamtilia shaka, akapiga simu polisi. Aliyepokea simu alimwambia hapakuwa na haja ya kumfuata. Walikutana, wakakabana, na kijana akapigwa risasi akafa. Mwaka 2013 mahakama ilimwachia huru aliyempiga. Kijana huyo hakuwa na silaha.

Mwombe msimamizi wa kundi aweke sheria mbili: hakuna kurusha picha ya mtu ambaye hajaonekana akifanya kosa, na hakuna kumfuata mtu. Kisha nenda na mwanao kwenye mkutano ujao, majirani wamjue kwa jina. Inauma kwamba jukumu hilo linakuangukia wewe, najua.

Tukimkamata mwizi kabla polisi hawajafika, kuna ubaya gani kumfunza adabu kidogo?

Ubaya mkubwa. Hiyo "kidogo" haina mwenye kuipima pindi watu wakishajaa. Anayepigiwa kelele za mwizi si lazima awe mwizi, na umati hauna subira ya kuuliza. Mkimjeruhi, kesi inakuwa yenu. Akifa, mmeua mtu, na hakuna tena wa kusema vitu vyenu vimeuzwa wapi. Iteni polisi, na kama ni salama mzuieni asiondoke, basi.

Mchango wetu unatosha kitu kimoja: kamera au taa?

Taa. Mwaka 2016, jijini New York, minara ya taa iligawiwa kwa bahati nasibu kwenye baadhi ya makazi ya umma, na makosa makubwa ya usiku nje ya nyumba yakapungua kwa takriban asilimia 36. Wekeni taa yenu pale watu wanapopita kwa miguu, na mkate matawi yanayoiziba.

Usiku tunamsikia mama wa nyumba ya pili akipigwa. Mume wangu anasema ya ndani hayatuhusu, kikundi chetu ni cha wezi. Unasemaje?

Yanawahusu, mama. Kupiga mtu ni jinai hata mlango ukiwa umefungwa.

Machi 1964 Kitty Genovese aliuawa karibu na nyumbani kwake Queens, New York. Gazeti moja likaandika kwamba watu 38 waliona wakanyamaza, na hadithi hiyo ikaenea dunia nzima. Ilitiwa chumvi: wengi walisikia tu kelele, hawakuelewa kinachotokea. Na kuna ambaye hadithi ile ilimsahau. Jirani yake, Sophia Farrar, alipopata habari alishuka ngazi bila kujua kama muuaji yupo bado, akampakata Kitty mpaka msaada ulipofika.

Wewe usiingie peke yako kwenye nyumba ile. Ukisikia anapigwa, piga simu polisi papo hapo na utaje nyumba yenyewe. Siku nyingine, mume wake akiwa ametoka, mwendee. Usimhoji wala usimshauri kuondoka haraka, kwa sababu kuondoka ndio wakati wenye hatari kubwa kwa mwanamke wa hali hiyo, na kunahitaji kupangwa. Mwambie tu kwamba umesikia na unamwamini. Usimwandikie ujumbe kwenye simu ambayo mumewe anaweza kuisoma. Kubalianeni ishara, kwa mfano taa ya nje ikiwashwa na kuzimwa mara mbili, ili ukiiona uite polisi bila kuuliza. Na akikubali, mtunzie mfuko kwako: vitambulisho, vyeti vya watoto, nguo za kubadilisha, ufunguo wa akiba.