Shangazi Anajibu: Binti hataki nimpige picha mahafali

SWALI: Shikamoo shangazi. Binti yangu anamaliza darasa la saba, nataka picha za mahafali lakini kashasema nikija na simu ataingia darasani asitoke. Kwenye kipaimara nilimuweka stetasi analia, wenzake wakamtania mpaka basi. Nifanyeje? (Mama, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mimi naona binti hakatai picha, anakataa stetasi, na namuelewa kabisa, umri huo mtoto anahisi dunia nzima inamwangalia yeye. Kaa naye kabla ya siku yenyewe mkubaliane, ipi iende kwa bibi, ipi isitoke kabisa kwenye simu yako, na akisema hii futa unafuta hapohapo mbele yake, usianze mbona umependeza.

Siku ya mahafali sasa, tulia kwenye kiti, usikimbilie jukwaani na taji la maua unamsimamisha mbele ya wenzake "cheka basi mama", akipokea cheti piga kwa mbali inatosha. Picha nzuri wanapigana wenyewe na mashoga zake, muombe akurushie.

Wenzake wakitokea kwenye picha, usiposti bila wazazi wao kukubali. Kenya mwaka 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi, na Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022.

Ile ya kipaimara kama bado iko kwenye magrupu ifute leo, umuombe msamaha.