Muulize Mzee Katibu: matangazo marefu, mkono ulioshushwa na barua isiyofika

Mwezi huu barua karibu zote zimetoka kwa Wabaptisti, sijui mlikaa kikao mkaamua kunivamia. Nimechagua tano, majina nimeyaficha kama kawaida yetu.

Shikamoo mzee Katibu. Kanisani kwetu matangazo yanakula muda kuliko hata kwaya. Jumapili iliyopita niliangalia saa, dakika 28! Kamati ya ujenzi inakutana, akina mama wana maombi, nani kafiwa, nani kajifungua, gari la nani limeziba njia, watoto washaanza kulia. Si waweke tu kwenye grupu la WhatsApp tuendelee na neno?
*Kijana wa benchi la nyuma*

Marahaba kijana wangu. Dakika 28 sizitetei, hapo mtangazaji kageuka mhubiri. Ila na mimi nilikuwa katibu wa kanisa miaka 11 na dhambi hiyo ninayo, ukipewa kipaza sauti na karatasi yenye mistari kumi unajikuta unaielezea kila mmoja.

Lakini hapo kwenye "si waweke tu kwenye grupu" ngoja nikuzuie kidogo. Kanisa la Baptisti halina askofu wa kukaa ofisini akaamua mambo alafu nyinyi mkaletewa waraka. Wenye maamuzi ni washirika wenyewe wakiwa kikaoni, kuanzia kumwita mchungaji, kuchagua mashemasi, kupokea washirika wapya mpaka kupitisha bajeti. Hata ule Muungano wa Wabaptisti Duniani ulioundwa London mwaka 1905 hauna mamlaka ya kukuhamishia mchungaji wako hata kwa siku moja. Sasa kama wenye maamuzi ni nyinyi, tangazo la kikao ndio mlango wenyewe wa kuingilia, asiyelisikia amefungiwa nje, ndio maana katiba nyingi za makanisa yetu zinataka kikao kitangazwe mbele ya watu siku za ibada kabla ya tarehe yenyewe.

Mimi nilijifunza hili vibaya. Mwaka fulani nilijifanya wa kisasa nikatangaza kikao kwenye grupu tu, tena nikaweka na herufi kubwa, siku yenyewe wakaja watu 14 akidi haikufika nusu. Kumbe meseji yangu ilizama katikati ya "Amina" hamsini na picha za maua, vijana walikuwa wamezima sauti ya grupu, na mashemasi wawili wazee hawana hata simu ya intaneti. Mmoja akaniuliza taratibu kabisa, "Katibu, siku hizi kanisa limehamia kwenye simu?" Sikuwa na jibu.

Kwahiyo yatenganisheni. Linalohitaji watu waamue lisemwe mdomoni, mara moja, kwa tarehe na saa na ajenda. Msiba na mgonjwa visomwe karibu na maombi ili watu waombe kweli, sio baada ya mnada wa jengo. Ratiba za kwaya na kamati zibandikwe ubaoni na ziende grupu. Gari lililoziba njia mlinzi anamjua mwenyewe. Mimi nilikuja kufika dakika 7 na hakuna aliyelalamika kapitwa.

Bwana asifiwe mzee. Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga kanisa lingine, nikaolewa na Mbaptisti. Mwaka wa 4 sasa naimba kwaya, natoa fungu la kumi, nafundisha shule ya Jumapili. Juzi kwenye kikao cha kuchagua mashemasi nikanyoosha mkono kupiga kura, mwenyekiti akasema mbele ya wote "dada shusha mkono, wewe si mshirika". Nilitoka nikalia. Ina maana miaka yote hiyo mimi sikuwa Mkristo?
*Mama wa sauti ya pili*

Asifiwe sana, na pole binti yangu. Nianze na mwenyekiti manake hilo ndio limeniuma zaidi. Kanuni anaweza kuwa nayo na bado akawa amekosea, mwenyekiti mzuri anasema mwanzo kabisa kabla ya jina lolote kutajwa kwamba kura ni za washirika walioandikwa, wageni wetu wapendwa mnakaribishwa kusikiliza, basi, hakuna mkono wa mtu unaoshushwa hadharani. Akuombe radhi.

Ukristo wako hakuna aliyeuhoji, au kama yupo hana kazi hiyo. Mshirika kwa maana yetu ni mtu aliyeandikwa kwenye daftari la kanisa lile, kwa kawaida baada ya kukiri imani yake mwenyewe na kubatizwa kwa kuzamishwa. Tunachosema sisi ni kwamba imani haikiriwi kwa niaba, na mtoto mchanga hawezi kukiri. Huo ubishi ndio uliotuzaa. Mwaka 1609 kule Amsterdam Waingereza waliokimbia nchi yao kwa sababu ya dini, wakiongozwa na John Smyth, waliamua ubatizo wao wa utotoni haukutosha, Smyth akajibatiza mwenyewe kisha akawabatiza wenzake. Na hapa huwa nawachokoza vijana wa darasa la ubatizo, wale hawakuzamishwa! Walimiminiwa maji. Kuzamishwa kulishika miaka ya 1640, na ungamo la imani la makanisa saba ya Baptisti ya London la mwaka 1644 ndilo lililoandika wazi kwamba mwili wote uingie majini, kwa mfano wa kufa na kuzikwa na kufufuka kama Warumi 6.

Mwenzake Smyth, Thomas Helwys, alirudi Uingereza akaanzisha kanisa London mwaka 1612, akamwandikia mfalme James kwamba mfalme ni mwanadamu wa kufa si Mungu, hana mamlaka juu ya roho za watu. Akafungwa gereza la Newgate na hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Nakuambia haya ujue kwamba ile kanuni iliyokuumiza, kwamba kila mtu aamini mwenyewe asiaminiwe na mwingine, ina watu waliilipia. Haikuundwa ili mwenyekiti apate cha kuringia.

Alafu kuna kitu ambacho Wabaptisti wengi hawakisemi. Hatujawahi kukubaliana wote kuhusu hili. John Bunyan, yule mhubiri wa mji wa Bedford kule Uingereza aliyekaa gerezani miaka 12, kanisa lake lilipokea waumini bila kuwadai ubatizo wa maji kwanza, na mwaka 1673 aliandika kuutetea msimamo huo dhidi ya Wabaptisti wenzake wa London waliomjia juu. Mpaka leo kuna makanisa ya Baptisti yanayopokea mtu kwa ushuhuda wa imani tu, na mengine hata kukaribia Meza ya Bwana lazima uwe umezamishwa. Kila kanisa linaamua lenyewe, kwahiyo usiulize "Wabaptisti wanasemaje", uliza katiba ya kanisa lenu inasemaje. Omba uione, ni haki yako hata kama hujaandikwa daftarini, kwa sababu unakaribishwa kujiunga na kitu na lazima ujue ni kitu gani.

Nenda kwa mchungaji na mumeo mkiwa wawili, sio baada ya ibada mlangoni, ombeni nafasi mkae chini. Kama moyoni umeshawishika kuhusu ubatizo wa kuamini, ingia darasani kama wengine. Kama hujashawishika usiingie majini kutafuta kura, utatoka umelowa tu. Na muulize mchungaji kwa upole swali moja, kama mimi si mshirika mlinikabidhi vipi watoto wenu niwafundishe neno la Mungu miaka 4? Hilo wanatakiwa walijibu wao, tena kikaoni.

Mzee, kamati imeshamtafuta mchungaji mpya, imemsikiliza, imempenda. Sisi washirika tunaweza kumkataa kweli au kura ni ya kupamba tu?
*Mwenye mashaka*

Mnaweza. Kamati inapendekeza, washirika wanaita. Kwa kawaida anakuja kwanza anahubiri, mnamuuliza maswali, alafu kura ya siri, na makanisa mengi yanadai zaidi ya nusu ya kawaida, theluthi mbili au hata zaidi, kwa sababu mchungaji aliyeingia kwa kura 51 dhidi ya 49 anaanza kazi akiwa na maadui 49. Ila usikae kimya kikaoni alafu ukampinga parking. Kama una sababu isimamie pale.

Mume wangu alilazwa, nikamwambia shemasi mmoja tu atuombee. Jumapili ikatangazwa mpaka jina la ugonjwa, jioni watu 30 wananipigia na mmoja ananitajia dawa ya mizizi. Mume wangu kasema hakanyagi tena pale. Nilikosea kusema?
*Mke aliyejuta*

Hukukosea hata kidogo dada yangu, na mumeo mwambie hasira yake naielewa, mwanaume aliyelala na dripu mkononi hataki kwaya nzima ijue kinachomsumbua.

Kosa letu sisi watu wa kanisa ni kwamba tunachanganya kuombewa na kutangazwa. Shemasi alidhani anakusaidia, nina uhakika, mimi mwenyewe niliwahi kusoma jina la mgonjwa kwenye orodha ya maombi kumbe mama yake mzazi alikuwa amekaa benchi la tatu na hakuwa ameambiwa kabisa. Ile sura yake sijaisahau. Tangu siku hiyo nikawa namuuliza kila aliyeniletea jina, mwenyewe anajua? Kasema nini kitajwe? Ugonjwa wenyewe haukutajwa tena kanisani kwetu, "ndugu yetu anaumwa tumwombee" inatosha, Mungu hahitaji majibu ya maabara.

Shemasi ndiye aende kwa mumeo, sio wewe umpeleke mumeo kwa shemasi. Aende bila ujumbe wa watu kumi, aseme nilikosea, akae kidogo aondoke. Siku nyingine ukimwambia mtu jambo maliza na maneno haya, "hii ni yako na maombi yako tu". Na huyo wa mizizi usimjibu.

Nimehamia mji mwingine, kanisa jipya la Baptisti wanataka barua ya kuhamisha ushirika kutoka kanisa la zamani. Nimempigia mchungaji wangu wa zamani mara 5 ananiambia "tutaituma". Miezi mitatu sasa. Je bila barua mimi ni nani?
*Msafiri*

Wewe ni mshirika wa kule mpaka watakapokuachilia, ndivyo daftari linavyosema, hata kama mwili uko huku. Barua haiandikwi na mchungaji peke yake. Kwa utaratibu wetu kanisa jipya linaiomba, kanisa la zamani linapitisha kikaoni, kisha katibu anaituma moja kwa moja kanisa kwa kanisa, sio wewe kuibeba mfukoni. Na makanisa mengi yanakaa kikao cha washirika mara moja kila miezi mitatu, kwahiyo ukikosa kimoja umesubiri robo mwaka bila mtu kukufanyia ubaya wowote.

Acha kumpigia mchungaji. Mwambie katibu wa kanisa jipya amwandikie katibu wa kanisa la zamani, makatibu tunajuana tabia, barua ya katibu mwenzako haitupwi kirahisi. Ikishindikana kabisa labda kwa sababu lile kanisa limevunjika au daftari limepotea, omba kupokelewa kwa ushuhuda, utasimama useme ulivyookoka na ulivyobatizwa, washirika watapiga kura. Mambo ya daftari msiyadharau jamani, kumbukumbu za lile kanisa la Bunyan la Bedford zilianza kuandikwa 1656 na mpaka leo zinasomeka nani alipokelewa na nani alikemewa, wakati mimi nimewahi kukabidhiwa daftari lililoliwa na panya kurasa zote za herufi M.

Katika hiyo barua ya katibu kwa katibu waweke mwaka uliobatizwa na jina ulilokuwa unatumia wakati ule. Hasa kama wewe ni dada na umeolewa, maana tunakutafuta kwa jina la mume kurasa nzima na humo humo ndani upo kwa jina la baba yako.