Fomu moja haimaanishi jedwali moja

SWALI: Ninawatembeza wageni kwa mashua kutoka Shela, na nimeanza kujitengenezea fomu ya kuwekea nafasi kwenye tovuti yangu. Fomu inauliza jina la mteja, simu, tarehe na saa ya safari, mahali pa kwenda na majina ya abiria. Nimetumia jedwali moja lenye safu za wima, abiria1 hadi abiria6. Juzi lilikuja kundi la watu tisa, ikabidi niongeze safu tatu. Fundi mmoja ananishauri nizifute zote, nibakishe safu moja ambamo majina yatatenganishwa kwa mkato. Nifuate njia ipi?

JIBU: Usifuate yoyote kati ya hizo, na ushauri wa fundi wako ni mbaya kuliko kosa ulilolifanya mwenyewe. Ukishayarundika majina katika safu moja, siku utakapomtafuta abiria aitwaye Ali, hifadhidata itakuletea na Khalid, na Salim, kwa kuwa herufi hizo zimo ndani ya majina yao. Na hapa Lamu hao ni nusu ya mji.

Kila wiki huletewa kazi ya namna hii, na chanzo chake ni kilekile: mtu hudhani kuwa jedwali ni picha ya fomu, kila kisanduku kiwe na safu yake. Fomu hutengenezwa kwa ajili ya macho ya mteja. Jedwali huhifadhi aina moja ya kitu, na mteja, safari, nafasi iliyowekwa na abiria ni vitu vinne mbalimbali, hata vikijazwa katika ukurasa mmoja. Edgar Codd, mtaalamu wa kompyuta wa kampuni ya IBM, aliyaeleza haya mwaka 1970, wala si mtindo mpya wa vijana. Kwa hiyo tengeneza majedwali manne. Kila nafasi ibebe namba ya utambulisho ya mteja na ya safari. Kila abiria apewe mstari wake, wenye namba ya nafasi aliyomo. Abiria wa tisa atakuwa mstari wa tisa, na umbo la jedwali halitaguswa.

Mahali pa kwenda pasiandikwe kwa mkono, bali pachaguliwe kutoka kwenye orodha, maana nimeona jedwali ambamo magofu ya Takwa, kisiwani Manda, yameandikwa Takwa, takwa na Taqwa, na mwenyewe akishangaa kwa nini hesabu ya safari haitimii. Simu ihifadhiwe kama maandishi. Ukiiweka kama namba, sifuri ya mwanzo hupotea. Na ukianza na 254, namba hiyo inazidi 2,147,483,647, kikomo cha namba nzima ya kawaida katika hifadhidata, hivyo MySQL, programu ya hifadhidata, isipowekewa masharti makali itawaandikia wateja wako wote kikomo hicho kuwa simu yao bila kulalamika.

Saa ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Karani wako akiandika 2:00 anakusudia saa mbili asubuhi. Mgeni kutoka Ujerumani akiandika 2:00 anakusudia saa nane, ya mchana au ya usiku, nawe unakwenda Takwa, ambako mashua huingia kwa maji kujaa tu. Safu ya maandishi itayapokea yote mawili na kunyamaza. Tumia aina ya saa iliyomo ndani ya hifadhidata, na kwenye fomu mteja achague nyakati zilizoandikwa kwa hesabu zote mbili.

Mafundi wa siku mbili, wanaouza fomu zilizokwisha kutengenezwa na kubadilisha nembo tu, husema kwamba mambo haya yatarekebishwa baadaye. Baadaye huwa ni msimu wa wageni, jedwali lina maelfu ya mistari, na kuyatenganisha majina yaliyounganishwa kwa mkato hugeuka kazi ya mkono, kwa sababu kuna aliyetumia mkato, kuna aliyeandika "na", na kuna aliyeandika "Bwana Omar pamoja na wanawe wawili". Nimelipwa mara nyingi kwa kazi hiyo, nami siipendi.

Basi kabla ya kumlipa fundi yeyote, wa Lamu au wa Malindi, mwulize likija kundi la watu kumi na watatu ataongeza safu au ataongeza mistari. Akisema safu, mshukuru kwa muda wake, utafute mwingine.