Kocha, panga dakika kabla ya filimbi
Kocha mwenzangu, nimekuelewa: una vijana 12 wa mpira wa kikapu, wa chini ya miaka 14, watano ndio wanaocheza, wengine wanasugua benchi, na wazazi wameanza kukununia.

Piga hesabu. Mechi ya dakika 40 yenye wachezaji 5 uwanjani ni dakika 200. Ukigawa sawa, kila mtoto anapata zaidi ya 16. Mimi huandika zamu daftarini mapema: robo tatu za mwanzo nazungusha wote, ya nne ndiyo ya ushindani. Zamani nilipanga kichwani tu, nikawa nawasahau wapole. (Wakorofi hawasahauliki!)

Mtoro wa mazoezi mpunguzie, ila sheria hiyo watangazie mapema. Anayechechemea usimrudishe hata akilia. Aonwe na daktari kwanza.