Masizi ya Sufuria

Tanga, 14 Desemba 2025

Mwanangu,

Salamu nimezipata, na swali lako pia. Unasema huko Xi'an, China, mnabishana bwenini tangu tarehe 3, roketi ya Zhuque-3 ya kampuni ya Kichina ya LandSpace iliporuka. Kwa nini wahangaike na gesi ya methani, wakati Falcon 9 ya Wamarekani inatumia mafuta ya taa yaliyosafishwa na inarudi salama? Na mwenzako anashikilia kwamba roketi iliyoungua ikitua imefeli, basi.

Unalikumbuka jiko letu la tambi, la mafuta ya taa? Uji ulikuwa unaiva vizuri tu. Kazi ilikuja baadaye: sufuria linapinduliwa, makumbi ya nazi na majivu, unasugua mpaka mikono inakuwa myeusi kuliko sufuria. Ulikuwa unalia, nami nakwambia sugua.

Roketi ya safari moja haina shida na masizi, maana haisuguliwi, inaanguka, imekwisha. Masizi ni tatizo la siku ya pili. Ndani ya injini, mafuta hupitishwa kwanza kwenye vijia vyembamba ili yapoze kuta zake, ndipo yaende kuungua. Mafuta ya taa ni minyororo mirefu ya kaboni, na yakipata joto kupita kiasi huacha utando mweusi humo. Methani ina kaboni moja tu, haishiki masizi kirahisi. Falcon 9 inarudi, kweli, kama sisi tulivyopika miaka yote kwa mafuta ya taa. Lakini mwenye kusugua nilimjua.

Kuna faida nyingine: methani huwa kimiminika kwenye nyuzi 161 chini ya sifuri na oksijeni ya kuiunguzia kwenye 183, kwa hiyo matangi yake yanaweza kukaa jirani bila kusumbuana sana. Haidrojeni, mafuta mengine ya roketi, inataka 253. Hiyo ni adha.

(Usichanganye na mtungi wa jikoni, ile ni propani na butani. Methani ndiyo gesi ya Songo Songo.)

Kuhusu kufeli, mwambie mwenzako asiwe na haraka, ila asikubali visingizio pia. Hawa LandSpace ndio waliofika obiti, yaani njia ya kuizunguka dunia, kwa methani kabla ya mtu yeyote duniani, Julai 2023, kwa Zhuque-2, baada ya kuanguka Desemba 2022. Septemba 2024 chombo chao cha majaribio kilipanda kilomita 10, kikazima injini, kikaiwasha tena angani na kutua wima. Safari hii kipande cha juu kimefika obiti. Kile cha chini, chenye injini tisa, kilishuka jangwani Gansu, kikawaka moto na kuanguka karibu kabisa na uwanja wa kutua. Mimi ningewapa alama za mzigo na kuwanyima za kurudi, kwa sababu kurudi ndiko walikokuahidi. Blue Origin, kampuni ya Kimarekani, walishatua kipande cha chini cha roketi yao ya methani merikebuni tarehe 13 Novemba.

Wakifanikiwa, usinitumie video ya kutua. Hiyo nitaiona kwenye simu za wajukuu. Nitafutie picha ya ndani ya injini ikishafunguliwa. Nataka kuona weusi wake.

Mama yako