Mpigie Hata Kama Huna Shida

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia, na kwa ruhusa yake naweka kipande: "Dada, huu ni mwaka wa sita niko mbali. Nikipiga simu nyumbani wadogo zangu wananijibu 'tupo, poa', halafu kimya mpaka mwenyewe naaga. Zamani tulikuwa tunalala kitanda kimoja watatu. Nimekosea wapi?"

Niliusoma ujumbe wake kwenye basi nikitoka kazini, nikacheka. Hilo "tupo, poa" nalijua. Nimelishwa miaka miwili mizima. Kisha kicheko kikakata, maana nilikumbuka aliyekuwa akinilisha na sababu yake.

Mimi ni kifungua mimba. Nyuma yangu yupo mdogo wangu wa kiume, ambaye nyumbani wote tunamwita Dogo ingawa ananipita kimo kwa kichwa kizima, halafu kitinda mimba wetu. Tumbo moja, watatu. Nilipoondoka Dogo ndiye aliyenibebea begi. Habari za karatasi, kutafuta kazi na kuhama vyumba naziruka. Mkiwa mbali mnazijua, na kama hamko mbali zitawachosha.

Mwaka wa kwanza simu hazikukatika. Wa pili zikapungua, kawaida tu. Wa tatu ndio nilioanza kuharibu, na niliharibu nikidhani najenga. Nilikuwa nimepata kazi ya maana, natuma hela kila mwezi, na kila Jumapili napiga simu nikiwa na orodha. Msinicheke, orodha kweli, kwenye daftari. Mama amekunywa dawa? Ile kozi umemaliza? Fundi wa paa amekuja? Risiti iko wapi? Nilikuwa nauliza kama mkaguzi wa hesabu, nikishajibiwa nasema "haya, msalimie Mama", nakata. Dakika sita. Najisifu kwamba nimewajali.

Dogo yeye si mtu wa orodha. Alikuwa ananitumia ujumbe wa sauti, mrefu, wa kuzunguka. Anaanza na mbwa wa jirani, anapita kwa rafiki yake aliyeoa, anacheka mwenyewe, anasahau alichotaka kusema, anarudi. Dakika nne, dakika saba. Sasa mwaka 2021 WhatsApp walipoleta kile kitufe cha kuongeza kasi, mimi nilishukuru. Nikawa namsikiliza mdogo wangu kwa kasi mara mbili. Sauti yake nzito ikawa kama ya katuni, na ule mguno anaovuta kabla ya kusema jambo zito ukawa hausikiki kabisa.

Siku moja alituma ujumbe wa dakika sita. Nilikuwa naosha vyombo, simu nimeiegemeza ukutani, maji yanamwagika, kasi mara mbili. Ulipoisha nikafuta mkono mmoja nikamjibu kwa alama ya kidole gumba.

Miezi mitano baadaye kitinda mimba ananiambia, katikati ya mazungumzo mengine, "si tangu Dogo aachishwe kazi". Nikamuuliza aachishwe kazi lini. Akanyamaza. Akasema, "Dada, si alikwambia?"

Nilirudi kwenye ule ujumbe. Nilipandisha skrini mpaka kidole kikauma. Nikausikiliza kwa kasi ya kawaida, nimekaa kitandani. Mbwa wa jirani. Rafiki aliyeoa. Dakika ya nne na kitu, ule mguno. Halafu: "Dada, wamenisimamisha kazi. Sijamwambia Mama. Nimeona nikwambie wewe kwanza." Na chini yake, kidole gumba changu.

Kuanzia siku ya kile kidole hakutuma tena ujumbe wa sauti. Ilikuwa "tupo, poa, dada" tu, na mimi nilikuwa nimefurahi kwamba amejifunza kuandika kwa kifupi.

Mngetarajia nilipiga simu siku hiyohiyo nikaomba radhi. Sikupiga. Niliona aibu, na aibu kwa mtu mkubwa wa nyumba inajigeuza hasira haraka sana. Nikajiambia, kwani yeye hakuweza kurudia? Hakuweza kupiga? Nikaacha ikae. Kisha Mama akalazwa, na mimi nikaambiwa akiwa ameshatoka hospitali. "Hatukutaka kukusumbua." Usiku tisa Dogo alilala kwenye benchi la wodi, kitinda mimba akimpokea asubuhi, na hela za matibabu nilizotuma zilitumwa baada ya kila kitu kwisha. Nikawaka. Nikasema maneno, likiwemo lile ambalo kila aliye mbali amewahi kulisema au kulifikiria: "Kwani nyumba hiyo inaendeshwa na hela ya nani?"

Dogo hakupandisha sauti. Alisema, "Hela tuliiona, dada. Asante." Akakata.

Hiyo asante bado ina mwiba hadi leo.

Benki ya Dunia huwa inahesabu hela ambazo watu kama sisi tunatuma nyumbani. Mwaka 2023 zilizofika nchi za kipato cha chini na cha kati zilipita dola bilioni 600. Nilipoisoma hiyo niliona fahari, nikajihesabu humo. Baadaye nikajiuliza ni nani anayehesabu usiku tisa kwenye benchi, na zinalipwa kwa fedha ya nchi gani. Ninyi mlioko mbali, sikilizeni: hela ina kazi yake, dawa hainunuliwi kwa mazungumzo. Lakini mtu ukimtumia hela tu, utamfundisha kwamba wewe ni wa hela tu, na siku ana neno lisilohusu hela hatakuona.

Kuna utafiti maarufu wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza mwaka 1938 na kuwafuatilia wanafunzi 268 hadi uzeeni. George Vaillant, daktari aliyeuongoza kwa miaka mingi, aliona kwamba asilimia 93 ya waliokuwa wanastawi walipofika miaka 65 walikuwa karibu na kaka au dada zao ujanani. Walikuwa wanaume peke yao, kwa hiyo sisi wa kike sijui walituacha wapi. Aliyenitumia habari hiyo ni kitinda mimba, bila neno hata moja. Nilijua ananisema.

Kwa hiyo nikaomba radhi. Niliandika, nikafuta, nikaona ujinga, nikabonyeza kipaza sauti. Nilisema nilivyosikiliza kwa kasi, nilivyokuwa naosha vyombo, kila kitu. Tiki mbili za bluu zikatokea usiku uleule. Jibu halikuja. Siku ya tatu, kimya. Siku ya kumi na moja, kimya. Wanaosema ukiomba msamaha unapata amani nadhani hawajawahi kumwomba mdogo wao.

Kilichomrudisha Dogo ni bomba.

Bomba la jikoni kwangu lilianza kuvuja. Matone tu, lakini usiku yanapiga kwenye sinki la bati mpaka unayahesabu. Fundi wa huku miadi yake ni ya wiki mbili. Nikalipiga video, nikamtumia Dogo, nikaandika: "Hili nalifanyaje?" Sikuandika salamu wala pole. Nilikuwa nimechoka na sina usingizi.

Ndani ya dakika kumi, ujumbe wa sauti. Dakika tano na sekunde ishirini.

"Dada, kwanza funga koki kubwa, usije ukajaza nyumba maji. Halafu, una spana malaya?" Sina. "Basi kaazime. Usitumie koleo, utalikata meno." Akaeleza kile kimpira cha ndani kinavyolika, nakitoaje, nikipeleke dukani nikalinganishe ukubwa, nisikubali cha kukisia. Katikati akaniambia habari za mbwa wa jirani. Nilisikiliza nimekaa, mikono magotini, kasi ya kawaida. Kisha nikarudia.

Nililitengeneza mwenyewe, naomba ijulikane. Lilichukua Jumamosi nzima, na bado nina alama kwenye kidole.

Sasa msomaji wangu, ulichoniuliza. Nafikiri hukukosea siku moja, ulikosea kidogokidogo kila Jumapili, kama mimi. Umekuwa mtoaji. Mtoaji anaheshimiwa, anapokelewa simu haraka, lakini hasimuliwi mbwa wa jirani. Waombe kitu. Kitu cha kweli, wanachokijua kuliko wewe. Mdogo wako ana mikono, ana akili, ana mambo anayoyaweza ambayo wewe huyawezi, na miaka sita hakuna aliyemuuliza. Mwombe. Na akikujibu sikiliza mpaka mwisho. Na mpigie siku ambayo huna shida naye wala yeye hana shida nawe. Nimeshasema jambo hilohilo kwa namna tatu, najua, lakini mimi ilinichukua miaka.

Na angalieni saa. Huku niliko saa husogezwa mara mbili kwa mwaka, nyumbani hazisogezwi, na nusu ya mwaka nilikuwa namwamsha Dogo alfajiri nikidhani ni asubuhi. Nimetundika saa mbili ukutani, moja ya huku na moja ya kwao. Ya kwao ndiyo naitazama zaidi.

Nimeshawasema sana walio mbali, niseme na mliobaki. Nanyi mna yenu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza, dada, huko una nani? Ukiumwa nani anakuchemshia maji? Mlidhani mtu anayetuma hela hana homa. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, tumekua tukiisikia, lakini mzaliwa nawe naye anahitaji kujua unaumwa. Hili bado linaniuma, na sijamwambia Dogo. Labda atalisoma hapa. Labda ndiyo maana nimeandika.

Jumapili iliyopita simu ililia, si mimi niliyepiga. Dogo. Nikashtuka, kwa mazoea, nikapokea nikiuliza Mama anaendeleaje. Akasema Mama yuko nje anaanika nguo, hana neno.

"Sasa una shida gani?"

"Sina shida. Natengeneza pikipiki ya watu hapa, nikasema nikupigie."

Alikuwa na mteja baadaye, kazi ya siku nne mfululizo, ya kwanza ya namna hiyo tangu waachane naye kule. Aliniambia kidogo tu, kisha akawa anagonga chuma. Nami nikanyamaza. Zamani ningejaza hapo kwa swali la risiti. Tulikaa hivyo, yeye anagonga, anapuliza kitu, anajisemea, mimi nimeweka simu begani. Niliangalia saa ya kwao: dakika arobaini zilikuwa zimepita.

"Kimya hicho, unafanya nini?" akauliza.

"Nakunja nguo."

"Haya kunja, mimi nipo." Akaendelea kugonga.