Sendofu Ijumaa, harusi Jumamosi, hela ya mapambo moja

Hongera na pole kwa pamoja dada, sendofu ya mdogo wako Ijumaa, harusi Jumamosi, na hela ya mapambo inatosha ukumbi mmoja tu, nimekuelewa kabisa maana kwetu ilikuwa hivyohivyo hapa Dar. Kaeni mapema na kamati ya upande wa bwana harusi mchukue ukumbi mmoja siku zote mbili na mpambaji mmoja, steji na taa zisiguswe, mnabadilisha vitambaa vya meza na maua basi, nani atajua?

Maua ya asili weka meza kuu peke yake, kwingine ya plastiki, joto la Dar litayanyausha kabla MC hajashika maiki. Halafu muulize mwenye ukumbi mpambaji anaingia saa ngapi, sisi tulifunguliwa saa tisa mchana na wageni saa kumi na mbili, nilipanda ngazi na rola kichwani jamani 😂

Advansi usitoe bila karatasi iliyosainiwa. Na zile taa za kuning'iniza kwenye vitambaa aziunge fundi umeme, sio mpambaji, moto hauna utani. Kichen pati fanyeni nyumbani, khanga zinatosha kupamba.